Uzoefu wangu wa kupanga nyaraka za ushirika wa asali kwenye Google Drive

Ushirika wetu wa wafugaji nyuki uko wilayani Sikonge, mkoani Tabora, nami ndiye katibu wa ofisi, mtu wa barua, mihtasari, stakabadhi na kila karatasi inayoingia au kutoka. Nilipokabidhiwa ofisi, karatasi zenyewe zilikuwa salama kabatini, lakini nakala zake za kielektroniki zilikuwa zimetawanyika: mkataba wa mnunuzi ulikuwa kwenye simu ya mwenyekiti, majibu ya maabara yalikuwa kwa mhasibu, na orodha ya wanachama ilikuwa kwenye kompyuta mpakato ya mtu aliyekwisha kuhamia Mwanza. Mnunuzi wa Dar es Salaam akiomba waraka, ilibidi tupigiane simu mpaka apatikane aliyenao. Niliomba bodi iniruhusu kuzikusanya zote kwenye Google Drive, yaani hifadhi ya mafaili ya mtandaoni ya Google, nayo ikaridhia kwa sharti moja, kwamba mambo ya ndani ya ushirika yasionwe na asiyehusika. Sharti hilo ndilo lililoamua mpangilio wote.

Wengi wakianza kazi ya namna hii hufungua folda kwa kufuata mada: barua, fedha, masoko, wanachama. Mpangilio huo unafaa kabati la chuma ambalo ufunguo wake anao mtu mmoja. Kwenye Drive mambo ni tofauti, kwa sababu ruhusa unayompa mtu kwenye folda hushuka hadi kwenye kila folda na kila faili lililomo ndani yake, na kitakachowekwa humo mwakani nacho atakiona. Folda ya masoko ikibeba pamoja tangazo la bei kwa wanachama na mkataba wa siri wa mnunuzi, huwezi kumfungulia mwanachama lile tangazo bila kuhangaika kumfichia mkataba. Kwa hiyo nilianza na daftari kabla ya kugusa kompyuta. Upande mmoja niliandika watu na vikundi, upande wa pili aina za nyaraka, na kwa kila waraka nikauliza nani ana haki ya kuusoma na nani ana haki ya kuubadilisha. Majibu yalijigawa yenyewe, nikapata folda kuu nne nilizoziita Ofisi, Bodi, Wanachama na Nje. Mada zilikuja chini ya hizo, na chini ya mada ukaja msimu wa mavuno. Hapo nikasimama, kwa maana mtu anayetumia simu ndogo huchoka kufungua folda ndani ya folda, na akichoka hurudi kuomba atumiwe kwa WhatsApp.

Folda ya Nje ina vitu vichache, ila ndiyo inayotupatia soko. Humo mna cheti cha usajili wa ushirika, picha za vyombo vya kuchujia asali, na majibu ya maabara, hasa kipimo cha maji yaliyomo kwenye asali, ambacho kwa kiwango cha kimataifa cha Codex hakipaswi kuzidi asilimia 20. Mnunuzi anayetaka kujiridhisha hupewa folda hiyo peke yake, naye hana njia ya kupanda kutoka humo kwenda kwenye mambo ya Bodi.

Katika kugawa ruhusa, Drive ina ngazi tatu: mtazamaji, mtoa maoni na mhariri. Ngazi ya kati ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na nasikitika kuona ofisi nyingi zikiiruka. Wajumbe wa bodi niliwapa hiyo kwenye folda yao, hivyo rasimu ya muhtasari wa kikao wanaisoma na kuandika pembeni kwamba fulani hakusema hivyo, bila kuyagusa maneno yenyewe. Uhariri tunao mimi na mhasibu tu, kwani mhariri anaweza kubadilisha jina la faili, kulihamisha, na kwa kawaida hata kuwaalika wengine.

Jambo lililohitaji majadiliano marefu ni kiungo (link), yaani anwani ya mtandaoni ambayo mtu akiibonyeza folda inafunguka. Mhasibu wetu alinishauri kwa nia njema kabisa: "Kaka, chagua yeyote mwenye kiungo, kiweke kwenye grupu, kila mtu ajisomee." Nilimweleza kwamba kiungo cha namna hiyo hakimuulizi mtu yeye ni nani. Kikishatoka kwenye grupu moja kikaingia jingine, anayekifungua anakaribishwa kama mwanachama. Orodha yetu ina namba za vitambulisho vya taifa, namba za simu na akaunti za benki za wakulima, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatutaka tuzilinde taarifa za namna hiyo. Tukakubaliana kwamba folda za Ofisi na Bodi zifunguliwe kwa anwani za barua pepe zilizotajwa tu. Kiungo cha wazi, tena cha kutazama pekee, kilibaki kwa folda ya Wanachama, kwa kuwa yaliyomo ndiyo yanayosomwa hadharani kwenye mkutano mkuu, na orodha haimo.

Uamuzi huo ulitupatia kazi ya ziada. Wajumbe kadhaa walikuwa na simu zenye akaunti za Gmail walizofunguliwa na muuzaji wa simu, na hawakuzijua anwani zao wala nywila. Baada ya kikao tuliketi chini ya mwembe, simu moja baada ya nyingine, tukaisoma anwani, tukabadilisha nywila, na kila mmoja akaiandika nyuma ya kitabu chake cha mwanachama.

Lipo jambo lisiloonekana kwa haraka ambalo ningependa kila katibu alijue. Kwenye akaunti za kawaida za bure, faili hubaki mali ya akaunti iliyolipakia, hata likiwekwa ndani ya folda ya mwingine, na ukubwa wake huhesabiwa kwenye nafasi ya aliyelipakia. Aliyepakia akiifuta akaunti yake, faili nalo linaondoka. Kwa sababu hiyo tulifungua akaunti ya ushirika wenyewe, yenye uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila peke yake haitoshi bila uthibitisho wa pili kupitia laini ya simu ya ofisi, na kila kitu hupakiwa kwa akaunti hiyo. Yale ambayo viongozi walikuwa wamekwisha kuyapakia kwa akaunti zao, waliyakabidhi: mwenye faili anatuma ombi la kuhamisha umiliki, nasi tunalikubali. Nafasi ya bure ni GB 15, nayo inagawanywa na barua pepe na picha, hivyo nyaraka naziskani kwa programu ya Drive yenyewe kwenye simu, kwa rangi nyeusi na nyeupe, zikatoka kama PDF nyepesi.

Majina ya mafaili yanaanza na tarehe, mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku: 2024-07-03 Mapokezi Ipole. Ukianza na siku, stakabadhi ya tarehe 3 Julai itakaa jirani na ya tarehe 3 Februari. Ukianza na mwaka, folda inajipanga yenyewe kwa mfuatano wa matukio. Mwishoni mwa jina ninaongeza namba ya folio, yaani namba ya mfuatano ya karatasi halisi ndani ya jalada lake, ile iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kona ya juu ya karatasi hiyo. Hili lilitokana na mjumbe wetu mkongwe, aliyeniambia, "Mwanangu, hayo ya mtandaoni ni mazuri, lakini karatasi usiitupe." Nikamjibu, "Sitaitupa, mzee wangu." Mkaguzi akitaka kuona sahihi ya wino, jina la faili linamwelekeza moja kwa moja kwenye jalada na folio.

Mtandao wa vijijini kwetu si wa kutegemea, kwa hiyo fomu za mapokezi nimeziwekea alama ya kupatikana bila intaneti kwenye simu ya ofisi. Mwisho wa kila mwezi nakagua Tupio pia, kwa sababu kilichofutwa hukaa humo siku 30 tu kisha hupotea moja kwa moja.

Ili nisiwe nabadilisha ruhusa za mjumbe mmoja mmoja, nilifungua kundi la barua pepe la bodi kwenye Google Groups, na folda ya Bodi nikaifungulia anwani ya kundi hilo. Uchaguzi ulipofanyika, niliondoa ndani ya kundi waliomaliza muda wao na kuingiza waliochaguliwa, na folda zote zikafuata. Mjumbe mpya kutoka Kitunda alifungua simu palepale ukumbini, akasoma mikataba ya misimu iliyopita, kisha akasimama kumuuliza mwenyekiti kwa nini bei iliyoandikwa kwenye rasimu ya kwanza haikuwa ile iliyotiwa sahihi.