Hata Juu

Jumapili usiku, Novemba. Mapaja bado yanatetema na mikono inanuka grisi ya cheni japo nimeinawa mara tatu. Naandika kabla ya kulala, maana zamu ya alfajiri itanifutia nusu ya haya.

Asubuhi nilishuka treni Ronda na baiskeli yangu. Huu ni mwaka wangu wa sita Málaga, kusini mwa Hispania, na Ronda nimekwenda mara kadhaa kama waendavyo wengi: unasimama juu ya Puente Nuevo, daraja lililokamilika mwaka 1793, unachungulia korongo lenye kina cha karibu mita 100, unapiga picha, unarudi. Leo sikugusa daraja. Nilitaka mzunguko wa mashambani ambao mwenzangu wa kazini alinielekeza: Ronda, Arriate, Setenil de las Bodegas, kupanda hadi magofu ya Acinipo, kisha kurudi Ronda. Kama kilomita 45. Yeye huiita njia ya wastani. Mimi nimekulia Pangani, na baiskeli ya nyumbani haikuwa na gia wala haikuzihitaji.

Hadi Arriate ni mteremko mtupu, upepo unauma masikio. Baada ya hapo ikaanza mizeituni.

Huu ndio msimu wa mavuno. Nyavu zimetandazwa chini ya miti, wanaume wanapiga matawi kwa fito ndefu, na shamba la pili kuna mashine inayokamata shina na kulitikisa lote kwa mkupuo. Zeituni zinaanguka kwa kishindo kile cha mvua ya kwanza juu ya bati. Nilisimama kando ya barabara muda mrefu kuliko nilivyopanga. Jina la tunda hili nililijua kabla sijajua kusoma saa. Tukiwa chuo cha Kurani, tumekaa mkekani, tulikariri Suratu Tini, na Mwenyezi Mungu anaapa humo kwa tini na zeituni. Tulisoma kwa sauti moja, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona mti wenyewe. Kihispania tunda huitwa aceituna. Waliliokota kwa Waarabu kama sisi tulivyoliokota, wao kwa upande wao wa bahari na sisi kwa upande wetu.

Setenil inataka siku yake peke yake. Mto umekata mwamba kwa karne na karne ukaacha vibaraza vikubwa vya mawe, na watu wakajenga ukuta wa mbele tu. Mwamba ndio dari. Unakunywa kahawa na juu ya kichwa chako limelala jiwe lenye uzito wa mtaa mzima, na bibi wa nyumba ya jirani anafagia kizingiti chake kana kwamba ni paa la makuti. Mtaa mmoja unaitwa Cuevas del Sol, mapango ya jua, na ng'ambo ya mto upo Cuevas de la Sombra, mapango ya kivuli. Wakastilia, Wakristo wa kaskazini, waliutwaa mji huu kwa Waislamu mwaka 1484, na Ronda mwaka uliofuata. Utawala uliondoka, maneno yakabaki. Meya wa mji wowote wa Hispania huitwa alcalde, na neno hilo ni al-qadi, kadhi yule yule ambaye kwetu watu humwendea kwa ndoa na mirathi.

Kutoka Setenil mlima ukaanza kweli. Mji uko kwenye mita 640 hivi juu ya bahari, Acinipo inakaribia 1,000, na barabara haina haraka ya kukuonyesha mwisho. Gia ya chini kabisa, pumzi fupi, macho kwenye tairi la mbele. Mahali fulani nilishuka nikaanza kuikokota. Mzee mmoja alikuwa anapakia magunia ya zeituni kwenye trela. Nikamwamkia, nikamuuliza mlima unaendelea mpaka wapi. Akanyoosha mkono kwenye upeo wa kilima.

“Hasta arriba.”

Hata juu. Nilisikia hivyo, kwa Kiswahili, kabla akili haijatafsiri. Sisi tumezoea kusema mpaka na hadi, lakini bibi yangu bado husema “nilikungoja hata Magharibi”, na nilipokuwa mdogo nilidhani anakosea. Hasta na hata ni mtoto wa neno moja la Kiarabu, hatta. Nikapanda tena kwenye tandiko. Kila pigo la pedeli nililisema kimoyomoyo: hata juu, hata juu. Sikushuka tena.

Acinipo imebaki mawe, isipokuwa jukwaa la uigizaji la Warumi ambalo ukuta wake mrefu bado umesimama peke yake kwenye upepo. Mji huu ulichapa sarafu zenye picha ya shada la zabibu. Nilikula mkate na mafuta ya zeituni nimeegemea jiwe, tumbusi wanazunguka usawa wa macho yangu.

Kurudi ni kupanda na kushuka, sina mengi ya kusema, ila hili la lori. Lilinifuata polepole mlima mzima, bila honi, hadi barabara ilipofunguka ndipo likanipita kwa mbali. Sheria ya hapa inamtaka dereva aache angalau mita 1.5 kati yake na mwendesha baiskeli. Mjomba wangu alisukumwa mtaroni na basi akiwa amebeba samaki wa kuuza, na mguu wake haujanyooka hadi leo. Mita moja na nusu. Ni kitu ambacho nyumbani pia tunakiweza, na nakitamani sana.

Nikisubiri treni nilimpigia bibi.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?”

Nikamwambia nimepita kwenye mashamba ya zeituni. Akanyamaza kidogo.

“Zeituni ile ya kwenye Sura?”

“Ile ile, bibi.”

“Mti wake ukoje? Mrefu kama mwembe?”

Nikamweleza ni mfupi, shina limejisokota, majani membamba.

“Basi niletee jani nilione.”

Lipo hapa ndani ya daftari. Upande mmoja kijani, upande wa pili rangi ya fedha.