Sita na tisa

Geti lilipofika kwa mwenyewe lilipungua futi tatu. Mteja aliniambia kwa simu "upana futi tisa". Mimi nikasikia sita, nikaandika sita, nikakata sita, nikachomelea sita. Tulibishana pale kwake huku vijana wangu wamelishikilia lile geti, hawajui walishushe au walirudishe garini. Niliapa kwamba alisema sita. Sikuwa na chembe ya shaka, na ubaya wa sikio ndio huo: likikosea halikwambii.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Miaka 20 nimekata na kusaga chuma kwa grinda, masikio wazi. Siku ya ubishi ule nilikuwa na mwaka mzima wa mlio masikioni, ila sikuwa nimeyaunganisha mambo hayo mawili. Kwangu mimi mlio ndio uliokuwa ugonjwa. Kusikia nilikuwa nasikia vizuri tu, ila watu siku hizi walikuwa wanamung'unya maneno.

Mlio wenyewe ulinianza usiku. Niliamka nikidhani ni friji, nikachomoa waya. Ziiii, uko palepale. Nikazima taa ya nje, nikasimama uani gizani nikitafuta nyenje aliyejibanza mahali. Kisha nikaziba masikio kwa vidole, na sauti ikapanda. Nilikaa kwenye ngazi mpaka kukakaribia kucha.

Baada ya hapo nilifanya yale wanayofanya wengi: mafuta ya vuguvugu sikioni, vijiti vya pamba vilivyosukuma nta ndani zaidi, vidonge nilivyouziwa na mtu mwenye maneno matamu. Kwa kukosa usingizi kichwa kikawa kinauma, nikawa nabugia aspirini. Baadaye daktari akaniambia aspirini nyingi yenyewe huweza kuleta mlio au kuuzidisha. Lakini kosa langu kubwa lilikuwa kutafuta ukimya. Nilizima redio, nikafunga madirisha, nikavaa vizibo vya masikio hata nyumbani. Basi mlio ukabaki na nyumba nzima peke yake.

Geti ndilo lililonipeleka kupimwa. Daktari alichungulia masikio, akatoa nta, akasema ngoma za masikio ni nzima, akanituma kwa mtaalamu wa usikivu. Yule dada, kijana bado, aliniketisha kwenye kijichumba kisichopitisha sauti, akanivisha hedifoni na kunipa kitufe: ukisikia mlio, bonyeza. Jaribu wewe kazi hiyo na kichwa kinacholia chenyewe! Nilibonyeza hovyo mpaka akabadilisha, akawa ananiletea sauti za kukatakata, pi-pi-pi, ndipo nikaweza kuzitenga na ule wangu usiokatika.

Kisha akanionyesha mchoro. Kwenye sauti nzito, kuanzia hezi 250 hadi 1000 (hezi ndiyo kipimo cha wembamba wa sauti), mstari ulikwenda sawa. Ulipofika 4000, kwenye sauti nyembamba, ukaporomoka, halafu ukainuka kidogo kwenye 8000. "Shimo hili mara nyingi huchimbwa na kelele," akasema. Ndani kabisa ya sikio, kwenye mrija uliojiviringa kama konokono, kuna chembe zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi kwa kila sikio, na kwa binadamu zikishakufa hazioti tena. Za kwangu za sauti nyembamba zilikuwa zimefyekwa na grinda.

"Mzee, sema sita." Nikasema. "Sema tisa." Nikasema. "Umeona? Irabu ni zilezile, i na a. Irabu zina nguvu, hizo unazipata. S na t ni nyembamba, zimetumbukia humu shimoni. Wewe unapata i-a, ubongo unajaza zilizobaki."

Sikumjibu. Nilikuwa nawaza geti. Nilikuwa nawaza pia jikoni kwetu, maana mke wangu akisema "Baba, niletee kisu," mimi huuliza "Kitu gani?" "Kisu!" "Ndiyo, kitu gani?" Tulishanuniana kwa hilo zaidi ya mara moja, kila mmoja akiamini amedharauliwa. Kiswahili chetu kimejaa irabu, kwa hiyo asiyesikia konsonanti bado hupata mwendo mzima wa sentensi, akadhani amesikia.

Kuhusu mlio, aliniambia ubongo ukikosa sauti uliyoizoea huanza kuitegea kwa nguvu. Ni kama mtu anayengoja simu muhimu chumbani kimya: kila kitu kwake huwa kinalia. Dawa ya kuufuta hakuna. Kinachowezekana ni kuupa ubongo kitu kingine cha kusikiliza.

Nikapewa vifaa vya kusikia, masikio yote mawili. Siku ya kwanza nilivichukia. Maji ya bombani yalikuwa kama changarawe inamwagwa kwenye bati, mfuko wa plastiki ukinikera kama moto wa majani makavu, na sauti yangu mwenyewe ikitokea ndani ya pipa. Nilivitupia kwenye droo, vikakaa huko miezi mitatu. Niliporudi kwa yule dada, kwa aibu, akavipunguza nguvu, akaniambia nivae saa mbili kwa siku, kisha nne, kisha mchana kutwa. Wiki ya tano au ya sita nilikuwa naandika hesabu za kazi, nikagundua kwamba nasikia kalamu ikikwaruza karatasi, na mlio sikuwa nimeukumbuka tangu asubuhi. Haukuwa umeondoka, nilipoutafuta nilikuta upo.

Usiku vifaa hutoka, na mlio hurudi. Siku hizi nawasha feni, au redio kwa sauti ya chini, chini kidogo ya mlio wenyewe, si ya kuufunika. Kuna usiku bado hunishinda.

Vizibo vya nyumbani niliviacha. Karakana ndiko kwenye kazi yao. Kelele ya desibeli 85, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, sikio huivumilia saa 8 kwa siku, na kila ikiongezeka 3 muda hupungua nusu. Ikifika 100, ambako grinda hufika bila taabu, zimebaki dakika 15 tu kwa siku. Nimeichora hesabu hiyo kwa chokaa ukutani. Vijana walicheka, ila vifuniko wanavaa.

Hali yangu ilikuja polepole, masikio yote mawili. Sikio likizima ghafla, hilo ni la hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dawa zake zinategemea kuwahiwa. Mlio wa upande mmoja, au unaodunda pamoja na mapigo ya moyo, nao ukapimwe.

Kuitikia na kucheka nisichokisikia nimeacha, ingawa hilo lilinichukua muda mrefu kuliko vifaa. Mke wangu hasubiri tena "kitu gani", ananigusa bega kwanza, halafu anasema "kisu, cha kukatia." Vipimo vya simu nao wateja wamenizoea. Juzi mmoja alianza, "Dirisha, fundi, futi sita..." Kabla sijafungua mdomo akaongeza mwenyewe: "Sita, ile inayofuata tano."