Majirani wawili wa 4,294,967,296

Waandishi wa programu wakiiona 4,294,967,295 wanaitambua papo hapo: ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoenea kwenye biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1 ndani ya kompyuta. Mimi siipendei hilo. Naipendea vigawo vyake.

Namba hii ni 2³², yaani 4,294,967,296, ukitoa 1. Ile kanuni ya tofauti ya miraba miwili tuliyokaririshwa shuleni inaivunja mara moja: (2¹⁶ + 1) × (2¹⁶ − 1). Kipande cha pili kinavunjika tena kwa njia ileile, kisha tena, mpaka unabaki na 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Zote tano ni namba tasa, na hakuna iliyojirudia. Ni nadra namba ya tarakimu kumi kuvunjika kwa adabu namna hii.

Tano hizo zina ukoo wao: ni namba za Fermat. Chukua 2, kipeo chake nacho kiwe 1, 2, 4, 8, 16, halafu jumlisha 1. Mwaka 1796, mwanahisabati Carl Friedrich Gauss akiwa na miaka 18 tu, aligundua kuwa umbo la pande 17, pande zote sawa na pembe zote sawa, linachoreka kwa bikari na rula isiyo na vipimo. Kwa idadi witiri ya pande, sharti ni iwe namba tasa ya Fermat, au zao la namba hizo bila kurudia hata moja. Basi umbo la pande 4,294,967,295 linachoreka! (Karatasi utajitafutia mwenyewe, na ukimaliza utaambiwa umechora duara.) Hakuna idadi witiri kubwa kuliko hii inayojulikana kukidhi sharti hilo.

Pierre de Fermat, mwanahisabati aliyezipa namba hizi jina lake, aliamini namba zote za mtindo huu ni tasa. Inayofuata ni jirani wa upande wa pili, 4,294,967,297, yaani 2³² + 1, na hapo ndipo mwanahisabati Leonhard Euler alipomkamata mwaka 1732: inagawanyika kwa 641.

Huhitaji hata kugawa ili uamini. 641 ni 5 × 2⁷ + 1. Vilevile ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Sasa tuangalie baki tu, tukigawa kwa 641. La kwanza linasema 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Ukiupa kila upande kipeo cha 4, 5⁴ × 2²⁸ inakuwa 1. La pili linasema 5⁴ ni sawa na −2⁴. Weka hiyo mahali pa 5⁴, unapata −2³² sawa na 1. Kwa hiyo 2³² + 1 haibakizi kitu. Mistari minne, imekwisha. Mimi bado naiona kama kiinimacho.

Kigawo cha pili ni 6,700,417, nacho tasa. Tangu hapo, namba za Fermat kuanzia hiyo ya 2³² mpaka ile ambayo kipeo chake ni 2³² zote zimethibitika kuwa si tasa, na tasa ya sita hakuna aliyeipata.