Sindano za Doria

Juzi mpwa wangu, ambaye siku zile alikuwa mdogo mno, aliniuliza bila kuinua macho kutoka kwenye kitabu chake: "Mjomba, zile sindano alizokuwa akichomwa Doria zilimsaidia kweli, au zilikuwa zikiwafurahisha nyinyi tu?" Nilimjibu kwamba zilimsaidia, naye akaendelea kusoma. Mimi ndiye niliyeshindwa kuendelea na nilichokuwa nikikifanya.

Doria, mbwa wetu, alikuwa ameacha kuruka kwenye kochi kabla hatujakubali kwamba ni mgonjwa. Ngazi alizipanda kwa kurusha miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja, kama sungura, na kucha za mguu wa kulia zilikuwa zimelika upande mmoja kwa kuburutwa sakafuni. Eksirei ilionyesha nyonga zilizochakaa: gegedu lilikuwa limelika, na kingo za mfupa zilikuwa zimeota vinundu. Daktari wa wanyama alitueleza kwamba baridi yabisi ya namna hiyo haiponi, bali hutunzwa. Alimwandikia vidonge vya kutuliza uvimbe, akatuonya tusithubutu kumpa dawa zetu wenyewe za maumivu, kwa maana ibuprofeni peke yake yaweza kumtia mbwa vidonda vya tumbo na kumharibu figo. Vidonge vilimfaa, kisha vikaanza kumsumbua tumbo, kipimo kikapunguzwa, nasi tukaanza kutafuta njia za pembeni.

Tulipitia nyingi. Tulimpa glukosamini na kondroitini, virutubisho vya viungo ambavyo ushahidi wake unayumba. Mafuta ya samaki, ambayo yana ushahidi ulio afadhali. Na manjano, ambayo mwili huyafyonza kwa shida lakini hutia rangi kila kitu yanachokigusa. Hatimaye daktari huyo huyo, ambaye alikuwa amesomea pia akupancha, tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba mwilini, akasema tujaribu sindano.

Siku ya kwanza ndiyo ninayoikumbuka kwa ukamilifu. Daktari alitandika godoro jembamba sakafuni, akaketi juu yake, akasubiri hadi Doria alipomkaribia mwenyewe. Hakuanza na sindano. Alipitisha viganja taratibu kando ya uti wa mgongo, kutoka mabegani hadi kiunoni, akitua kila mahali ambapo misuli ilishtuka. Alipofika karibu na nyonga ya kulia, Doria aligeuka na kuliweka domo lake juu ya kifundo cha mkono wa daktari, bila kung'ata wala kunguruma, akaliacha hapo. Daktari naye hakuuondoa mkono. Walikaa hivyo kwa muda ambao mimi niliuona mrefu, kisha Doria akaliondoa domo lake mwenyewe.

Sindano ya kwanza iliingia katika kibonde kilichopo kati ya pingili ya mwisho ya kiuno na sakramu, mfupa unaofuata kwenye uti wa mgongo, mahali ambapo wataalamu wa tiba hiyo hupaita Bai Hui. Ngozi ilitetemeka mara moja, ikatulia. Nyingine zilifuata kuizunguka nyonga, nyembamba mno kuliko ile ya chanjo. Kichwa chake, ambacho nilikuwa nimekishikilia, kikaanza kuwa kizito. Mdomo wa chini ukalegea hadi nikayaona meno. Kisha akajilaza taratibu kwa ubavu wa kulia, ubavu ambao alikuwa akiukwepa kwa miezi. Daktari alikuwa akieleza kwamba huenda sindano huchochea neva na kuufanya mwili utoe vituliza maumivu vyake wenyewe, ilhali Wachina wa kale walizungumzia mtiririko wa qi, yaani nguvu ya uhai. Sikuyafuatilia maelezo hayo hata kidogo, kwa kuwa nilikuwa nikiutazama ule mdomo uliolegea.

Jioni hiyo Doria alitembea hadi langoni, akabweka, na nyumba nzima ikashangilia.

Lakini wiki hizo hizo tulikuwa tumempunguzia chakula hadi mbavu zake zikawa zinapapasika kwa urahisi, na tulikuwa tumetandika mazulia kwenye sakafu iliyokuwa ikimtelezesha. Uzito si jambo dogo: katika utafiti wa Labrador 48 uliochapishwa mwaka 2002, mbwa waliolishwa robo pungufu ya wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi, na baridi yabisi iliwachelewa. Tena imeonekana katika majaribio kwamba wenye mbwa waliopewa dawa bandia, yaani isiyo na tiba yoyote ndani yake, husema mara nyingi kuwa mnyama amepata nafuu, ilhali kipimo cha nguvu anayokanyagia hakijabadilika. Hata madaktari hunaswa na mtego huo. Kwa hiyo shangwe yetu ya jioni ile haithibitishi lolote.

Unabaki ule ubavu wa kulia. Hakuna aliyemwambia Doria aulalie, na sidhani kama mbwa huwa na haja ya kumpendeza daktari. Hata hivyo, lile godoro lilikuwa laini, na mimi nilikuwa nimekaa upande huo.

Sindano tuliziendeleza hadi mwisho wa maisha yake, pamoja na vidonge, mafuta na mazulia. Ili kujua kwa hakika ni kipi kilichofanya kazi, ningelazimika kumwondolea vyote vingine na kumtazama akichechemea mpaka nijiridhishe, na hilo sikuwa tayari kulifanya.