Picha ya bibi na taa ya noti feki

Hiyo picha bibi aliachiwa na mama mmoja wa Kifaransa aliyekuwa anamfanyia kazi Oysterbay, walivyohama ndo wakampa, na miaka yote ilikaa sebuleni kwetu Magomeni juu ya kabati la vyombo: mto, miti mirefu myembamba, anga la jioni. Sa mjomba alivyosoma kwamba picha ya marundo ya nyasi ya Monet, yule mchoraji maarufu wa Ufaransa, iliuzwa New York 2019 kwa zaidi ya dola milioni 110, akaanza kutuambia tumelalia utajiri. Kuna dalali alishatupa bei, laki mbili taslimu, na alivyokuwa anaharakisha ndo mimi nikaingiwa na mashaka. Nikamwambia mjomba ngoja kwanza, Kariakoo kuna mzee anatengeneza fremu tangu ujana wake, tukaifunga khanga tukapanda bajaji.

Mzee hakuangalia mbele kwanza, aliigeuza. Misumari midogo, imeshika kutu, imeacha alama za kahawia kwenye turubai, kile kitambaa kilichochorewa, akasema hapa hakuna pini za stepla, hizo zimezoeleka baadaye, kwa hiyo ina umri, ila umri wa turubai haumtaji mchoraji. Afu akazima taa za dukani akawasha ile taa ya kuangalizia noti feki, vanishi yote ikang'aa kijani kijani isipokuwa kona moja ya anga, doa jeusi ukubwa wa kiganja. "Hapo pamerudiwa rangi, mtu karekebisha baadaye." Sahihi akaipitia na lenzi, herufi zimezama kwenye rangi ya chini ilipokuwa bado mbichi, hazikupita juu ya nyufa, yani jina liliandikwa picha ikichorwa.

"Lakini hilo jina silijui, mwanangu."

Mjomba akauliza, "Mzee wangu, si ndo mtindo wa kina Monet huu?" Akajibiwa taratibu kwamba wale walifanya onyesho lao la kwanza Paris 1874 na la mwisho 1886, ila mtindo haukuishia hapo, watu wengi sana waliendelea kuchora hivyohivyo miaka na miaka, na bei inafuata jina na rekodi za mnada. Akakadiria laki nane, labda milioni kwa aliyeipenda.

Mimi wakati huo macho yangu yako kwenye kivuli cha miti. Nimekua naiona ile picha na sikuwahi kugundua kwamba kile kivuli hakina rangi nyeusi hata chembe, ni zambarau na bluu, brashi fupi fupi, na pale kinapogusa maji kuna mstari mmoja wa rangi ya chungwa, mnene mpaka umevimba. Ukisogea karibu ni madoa matupu, ukirudi nyuma maji yanatembea. Huyu mtu alijua kuangalia maji jamani, iliniuma kweli kwamba hajulikani. Nikaandika lile jina kwenye simu, mpaka leo nalitafuta kwenye orodha za minada.

Nyumbani tukairudisha kwanza mahali pake juu ya kabati, na bibi alivyotajiwa bei hakusema kitu, aliuliza tu mzee kasema itunzwe vipi. Nikamwambia itoke kwenye ule ukuta uliopakana na bafu, unyevu wa Dar unaotesha ukungu nyuma ya turubai, na isifutwe na kitambaa cha maji hata siku moja. Akamwita mjomba aje aishushe palepale, mjomba akapanda kiti.

Dalali alipopiga kesho yake nilipokea mimi, nikamwambia haiuzwi.