Kidonda kidogo shingoni
Jana usiku kaletwa dogo mmoja kachomwa kisu shingoni, kidonda chenyewe hata sentimita 2 hakifiki, damu imekata, presha iko poa, anaongea, ndugu zake wanasema dokta mshone tu tuondoke. Nikagoma. Kisu kikishavuka ule msuli mwembamba chini ya ngozi huwezi jua kimegusa nini, na kuchokonoa kwa kidole ndo usithubutu kabisa, ukibandua bonge la damu lililoziba tundu utajuta. Nikaweka stethoskopu, nasikia mvumo unaofuata mapigo, dalili kwamba mshipa wa damu umeumia! CT skani ya mishipa kwa dawa ya kontrasti ikaonyesha karotidi, ule mshipa mkubwa wa shingoni unaopeleka damu kwenye ubongo, imetoboka, pembeni damu imejaa kama puto. Angerudi kwao angeweza kupata kiharusi. Saa hizi yuko thieta, ndugu wametulia tuli.