Mkaa kwenye kucha

Juzi usiku saa nane usingizi ulinikataa tena. Kifua kimebana, kichwa kinazungusha yale yale. Nikawasha taa, nikachukua karatasi na kijiti cha mkaa wa kuchorea, nikaanza kusugua tu bila kupanga chochote. Kona ya chini nimeisugua mpaka karatasi ikatoboka. Hapo ndipo nikagundua kumbe muda wote nimekaza meno.

Mchoro wenyewe mbaya, sitawadanganya. Doa kubwa jeusi, na juu yake kitu kama dirisha ambacho hata sikumbuki kukichora. Ila mtu akiniuliza naendeleaje, huwa nimeshajibu "niko poa" kabla hajamaliza swali. Karatasi hainiulizi kitu, basi nayo siidanganyi.

Yayoi Kusama, yule msanii wa Japani wa madoadoa, anaishi kwa hiari yake katika hospitali ya magonjwa ya akili tangu 1977, na kazi anaendelea nayo. Huwa namkumbuka sana. Anachora na anatibiwa, vyote viwili. (Wale wa "chora tu utapona" mniache kidogo. Dawa zangu nameza, na mshauri namwona.)

Leo nimempelekea mshauri karatasi ile, maana maneno yalikuwa hayatoki. Akaiangalia weee, kisha akaweka kidole kwenye dirisha: "Hapa uko ndani au nje?"

Nililia karibu nusu ya muda wetu. Kucha bado nyeusi, sijaziosha.